Mtetemo wa Themanini

Hadi sabini gari ni tulivu kama paka aliyeshiba.
Sabini na tano, kioo cha kutazamia nyuma kinapoteza sura yangu.
Themanini, meno yananigongana,
na chupa ya maziwa ya farasi niliyopewa na Gulbarchyn
inatoa povu kabla sijaifungua.
Tisini, kimya. Ungedhani tumesamehewa.

Nililinunua Bishkek, kwa Taalai,
mwenye pete tatu na kiapo kimoja:
"Dada, lilikuwa la mwalimu mstaafu huko Japani."
Kila gari pale mnadani lilikuwa la mwalimu mstaafu.

Mimi natibu mifugo. Nimezoea wagonjwa wasiosema.
Kondoo hakuambii kwamba ni ini;
unaweka kiganja ubavuni, unangoja ajisahau.
Asanbek, kutoka Urusi anakobeba matofali, alisema kwenye simu: uza.
Sikuuza. Nilichukua daftari.

Nilianza na miguu.
Ernis wa duka la tairi alibandika vipande vya risasi kwenye rimu,
akazungusha, akapiga mluzi, akachukua som mia nane.
Usukani ukatulia. Makalio hayakutulia.
Nikaandika, kati ya chanjo za mbuzi na deni la dizeli:
*haitoki mbele, inapandia kwenye kiti.*

Jumanne, kwenye tambarare kabla ya At-Bashy,
upepo ukisukuma nyasi kavu upande mmoja,
nikafika themanini, nikatoa gia.
Injini ikashuka hadi mnong'ono
na mtetemo ukabaki palepale,
kama mgeni ambaye mwenyeji wake ameshakwenda kulala.
Basi injini haina hatia. Klachi haina hatia.
Kinachonitikisa kinaitii barabara, hakiutii mguu wangu.

Jioni nikaingia uvunguni, tochi mdomoni.
Tope la wiki nzima likanidondokea machoni.
Nikaishika propela shafti ya nyuma,
juu, chini, kushoto, kulia:
krosi zimekaza, hazichezi hata unywele,
na grisi ni mpya, mpya mno,
kama uso wa mtu aliyeoga kabla ya kwenda polisi.
Nani alifungua hapa? Alikuwa anatafuta nini?

Aizirek akajipenyeza kando yangu na chaki yake ya shule.
Ana miaka kumi na mmoja na hawezi kuona picha
ikining'inia upande bila kuinyoosha.
"Mama, hizi panda mbili haziangaliani."

Nikatazama.
Panda ya mbele wima,
ya nyuma imepitiliza, meno mawili tu,
kama watu wawili waliobeba kabati ngazini,
kila mmoja akihesabu *moja, mbili* kwa moyo wake.

Nikampigia Taalai. Alikaa kimya muda wa kumeza mate.
Kaka yake alilikokota kutoka ziwani, akasema,
shafti aliifungua usiku, akairudisha usiku.
"Na yule mwalimu mstaafu?"
Simu ikakatika.

Boliti nane. Ya sita ililia, ya saba ikanichuna kidole.
Aizirek alichora mstari mweupe kuvuka kiungo,
akafumba jicho moja kama seremala,
akasema: sogeza, sogeza, rudi, hapo.
Nikaigonga kwa nyundo niliyofunga kitambaa,
chuma kikaingia chuma kwa sauti ya mtu
anayekubali kosa mbele ya watoto.

Asubuhi: sabini. Sabini na tano. Themanini.
Maziwa yametulia chupani.
Kioo kimejaa barabara yote, hadi kwenye vilima,
na binti yangu kiti cha pembeni, viganja magotini,
hasemi kitu, anajisifu kwa masikio.

Na hapo, kelele kubwa ilipotoka,
ndogo ikapata nafasi:
mvumo mwembamba, chini, nyuma, kulia,
unaokolea kila nikikata kona ya kushoto.
Bearingi, pengine. Au difu.

"Unasikia?" akauliza Aizirek.
Nikamwambia afungue daftari, ukurasa mpya.